Tundu Nililotoboa Kwenye Mashua ya Kapteni

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, nami nawashukuru. Kwa miaka thelathini na minne nilihitaji saa ili nisichelewe kufika karakana, hamkunipa. Sasa sina mahali pa kuwahi, ninayo, na hupiga kengele kila baada ya saa moja kuhakikisha nimesikia. Mke wangu ameitundika sebuleni hapa Kamukuywa, mkabala na kiti changu, ili tuwe tunatazamana.

Siku hiyo pia mmoja wenu, ambaye simtaji kwa sababu bado hajajua kukaza nati bila kuivunja, aliniomba niwaandikie siri za mafanikio. Sina. Hayo waulizeni watu wa tai. Nitakachoandika ni kazi tu, na hasa kazi moja ambayo mnaijua nusu. Nusu mnayoijua ni ile ninayopenda kusimulia wakati wa chai: kwamba mimi ndiye fundi wa pekee huko Trans-Nzoia aliyetunza mashua ya baharini kwa miaka kumi na minane. Nusu ya pili ni kwamba niliitoboa chini, nikanyamaza, na nusura mama mmoja na mtoto wake waende nayo baharini hivyo hivyo.

Lakini nianzie mwanzo, maana mnapenda kuruka kurasa.

Nilifika karakana ya Kitale nikiwa na cheti cha ufundi ndani ya bahasha mpya. Mzee Ndiema, mtu wa Kapsokwony, ndiye aliyekuwa fundi mkuu. Alikichukua cheti, akakisoma polepole, akakigeuza kutazama nyuma, kisha akaniuliza ni wapi kumeandikwa kwamba najua kuosha gia boksi. Hapakuandikwa. Akanipa debe la dizeli na brashi, na kwa wiki tatu nikawa msomi wa kuosha gia boksi. Cheti nilikuja kukikuta baadaye chini ya kikombe chake cha chai, kimetulia kabisa.

Mzee huyo alinifundisha kusikiliza injini kwa bisibisi. Unaweka ncha yake kwenye chuma, kipini unakibana sikioni, na beringi iliyokufa inakuambia yenyewe. Najua ninyi mna simu inayosoma injini na kuwaambia kila kitu, isipokuwa kilichoharibika. Siwacheki. Nasema tu kwamba bisibisi haihitaji bando.

Kuna trekta moja la miwa huko Kabuchai lililokuwa likizima kila siku njiani, likiwa na mzigo. Kabla ya kuniita mimi walikuwa wamemwita mhubiri, na kusema kweli matokeo yake yalikuwa mazuri kuliko yangu: kila alipomaliza kuliombea, trekta liliwaka. Kesho yake likazima tena. Siku ya tatu nilifungua tangi la mafuta nikakuta kitambaa kinaelea ndani. Dereva alipoteza kifuniko cha tangi akaziba kwa kitambaa, kikatumbukia. Kikivutwa kwenye njia ya mafuta kinaziba, injini inazima. Mkisimama mkaomba kwa dakika ishirini, kinaachia, na injini inawaka. Nilikitoa kile kitambaa mbele ya watu wote. Mpaka leo Kabuchai wanamsifu mhubiri.

Sasa nije kwa Kapteni.

Kapteni Simiyu alikuwa mtoto wa Kitale aliyepotelea kwenye meli za mizigo, akapanda ngazi huko hadi akawa nahodha. Wenzake wakirudi nyumbani huleta gari. Yeye alirudi na mashua ya matanga, futi thelathini na nane, aliyoinunua Pwani kutoka kwa wazungu wawili, mume na mke. Walikuwa wameishi ndani yake na kuzunguka nayo dunia hadi wakachokana, wakaiuza, wakapanda ndege, kila mtu yake. Mashua yenyewe haikuwa na neno. Ilikuwa imara, safi, na kila kitu ndani kilifanya kazi isipokuwa hiyo ndoa.

Mtauliza mashua ya bahari kuu ilitafuta nini Kitale. Ilikuja kwa miezi sita. Kapteni alitaka kuifanyia marekebisho mbele ya macho yake mwenyewe. Isitoshe, mkewe, Mama Rose, alikuwa amemwambia wazi kwamba hawezi kuhamia kwenye kitu ambacho hajakiona kikiwa kimesimama mahali pakavu. Basi ikapandishwa juu ya lori refu la kubeba matingatinga, ikapita miji yote hadi huku, na ikasimamishwa kwenye stendi ya chuma nyuma ya nyumba yake, katikati ya mahindi. Pakavu zaidi ya hapo hapakuwepo.

Mwenye karakana yetu alikuwa rafiki yake, akanituma mimi. Nikamwambia sijawahi hata kuiona bahari. Akanijibu kwamba mashua nayo kwa sasa haiioni, kwa hivyo tuko sawa.

Siku ya kwanza kupanda ile ngazi na kuingia ndani nilikaa chini bila kukaribishwa. Kulikuwa na meza, vitanda sita, kabati zenye kufuli ndogo za shaba ili vyombo visimwagike, na jiko la gesi lililoning'inia ili sufuria ibaki wima hata mashua ikilala ubavu. Kulikuwa na choo. Wakati huo mimi nilikuwa nimepanga chumba kimoja mjini, choo tukigawana watu kumi na wanne. Mke wangu alipoletwa kuiona aliuliza jambo moja tu: mtu mwenye choo ndani ya nyumba anakimbilia baharini kutafuta nini.

Kapteni alinifundisha majina. Sehemu ya chini kabisa, chini ya mbao za sakafu, ambako maji yote yanayoingia hukusanyika, inaitwa ngama. Mti mrefu wa kushikilia matanga ni mlingoti, nao ulilazwa pembeni kwenye magogo. Chini ya mashua kulikuwa na matundu matano halali, ya kuingiza na kutolea maji, kila moja na valvu yake. Kila Ijumaa nilikuwa nafungua na kufunga valvu hizo, naizungusha injini kwa mkono, naiwasha nikiinywesha maji kutoka kwenye pipa, napaka mbao mafuta, na mara mbili kwa mwaka nayatoa matanga kuyaanika. Kina mama waliopita njiani wakienda sokoni walisimama na kuuliza kama hilo hema linakodishwa kwa harusi. Yote niliyofanya niliyaandika kwenye daftari jeusi la Kapteni. Alisema chombo kisicho na daftari ni kama mtu asiye na jina.

Majirani waliita mashua hiyo Safina, hilo mngelitarajia. Mchungaji aliitumia kwenye mahubiri mara tatu ninazozijua mimi. Jirani mmoja mtu wa kwetu Bungoma kila akinikuta langoni aliniuliza, "Fundi, hii meri itaenda rini?" Nami nilimjibu alivyokuwa akijibu Kapteni: Disemba.

Kila mwaka ilikuwa Disemba. Disemba ya kwanza mahindi yalichelewa kukauka. Ya pili kulikuwa na harusi ya binti yake. Ya tatu kulikuwa na uchaguzi, na Kapteni alisema hawezi kuiacha nchi wakati kama huo, kana kwamba nchi ilikuwa imemuuliza. Hata hivyo Mama Rose alikuwa amelainika. Alipanda ngazi, akakagua jiko, akashona pazia za vitenge kwa madirisha yote ya duara. Halafu, mwaka wa kumi na moja, akaugua, na kabla mwaka haujaisha tukamzika.

Baada ya hapo Kapteni aliendelea kusema Disemba, na sisi sote tukaendelea kuitikia. Hakuna kazi rahisi kama kumwitikia mtu aliyefiwa.

Sasa tundu. Banda la mashua lilikuwa limejengwa futi thelathini na tano. Mashua, nimeshawaambia, ilikuwa thelathini na nane. Aliyejenga alipima kwa hatua zake. Kwa hiyo sehemu ya nyuma ilibaki nje, na mvua ya Kitale haihitaji kualikwa. Maji yaliingia kwa nyuma, yakateremka hadi kwenye ngama, yakatuama. Pampu ya umeme ilikuwepo, lakini betri yake ilikuwa imeazimwa na trekta, na vitu vinavyoazimwa na trekta havirudi. Kila Ijumaa, kabla ya kazi yoyote, nilikuwa nalala kifudifudi nikichota maji kwa kopo la maziwa ya unga. Nilimwambia Kapteni tuongeze mabati matatu tu. Akasema ya nini, na Disemba tunaondoka.

Mwaka mmoja baada ya kumzika Mama Rose mvua ilinyesha miezi mitano mfululizo. Ijumaa moja nilikuta maji yamefika kwenye sakafu na godoro moja limeanza kunuka. Kapteni alikuwa ameenda Bungoma kwenye msiba wa ndugu yake. Nikasimama pale na kopo langu. Nikafikiri kama fundi. Kitu kikijaa maji na hakiendi popote, unakitoboa chini. Hivyo ndivyo tunavyofanya matrela, hivyo ndivyo tunavyofanya matangi ya mashine za kupulizia dawa, na hakuna aliyewahi kulalamika. Nikachukua drili, biti ya milimita kumi na mbili, nikaingia chini ya mashua, nikatafuta mahali pa chini kabisa karibu na mkuku, ule uti wa mgongo wa mashua, nikatoboa. Maji yalitoka kwa furaha. Nikachonga kijiti, nikakichomeka, na tangu siku hiyo kila Ijumaa nilikuwa nachomoa, namwaga, narudisha. Kazi ya saa moja ikawa ya dakika mbili. Nilijipongeza sana.

Kwenye daftari sikuandika. Nilijiambia nimesahau. Wiki iliyofuata nikasahau tena, na mtu akisahau jambo moja kwa miaka sita anakuwa amejitahidi.

Wakati huo macho ya Kapteni yalikuwa yanaondoka. Ni ile presha ya macho. Alichelewa hospitali, maana Disemba ilikuwa karibu. Ilifika siku akawa anaijua mashua kwa viganja. Alikuwa anazunguka akiipapasa ubavuni, akisema hapa pana mkwaruzo, hapa rangi imevimba. Chini kabisa kwenye mkuku magoti hayakumruhusu kufika. Nilishukuru magoti yake, nami nikajua ni shukrani ya aibu.

Mwaka jana, mimi nikiwa nahesabu miezi ya kustaafu, akaniita akasema anauza. Akanitaka niandike tangazo, yeye akitaja maneno: mashua ya safari za bahari kuu, imetumika, imetunzwa vizuri sana, inafaa kuishi ndani. Neno "vizuri sana" niliandika mimi kwa mkono wangu. Mwanawe akaliweka kwenye mtandao, na sote tukaamini hakuna mwendawazimu atakayekuja Kitale kununua mashua.

Alikuja Nafula. Binti wa Bungoma mjini, miaka thelathini na kitu, amefanya kazi kwenye meli za abiria miaka kumi, na mumewe bado yuko melini. Walitaka kuhamia kwenye mashua yao wenyewe na binti yao, mtoto wa miaka sita aliyekuwa na maswali ya mtu wa arobaini. Alipiga simu Jumatatu kwamba atafika Alhamisi. Jumanne nilichukua fila, ile tunayozibia magari yaliyogongwa, nikang'oa kijiti, nikajaza tundu, nikapiga msasa, nikapaka rangi ya buluu iliyobaki. Kazi safi. Ungepita mara mia usingeona.

Kwa wale ambao huwa hamsikilizi: fila ya gari hunyonya maji. Kwenye mlango wa pikapu haina shida. Chini ya mashua itakaa wiki, labda mwezi, halafu itaachia, na itaachia mahali ambapo hakuna wa kumpigia simu. Nililijua hilo nikiwa nimeshika msasa. Nilikuwa na hofu moja tu, kwamba Nafula angemwambia Kapteni mashua yake imetobolewa na mtu aliyemwamini, na hofu hiyo ilinitosha.

Alhamisi Nafula alifanya ukaguzi wa kweli. Alizunguka na kinyundo cha mpira akigonga ubavu na kusikiliza, nami nikamkumbuka Mzee Ndiema na bisibisi yake, nikatamani kukimbia. Alipokaribia mkuku Kapteni akamwita kumwonyesha nanga, akaenda, na aliporudi akaanzia mbele zaidi. Halafu akakaa mezani ndani ya mashua na lile daftari. Alilisoma kwa muda mrefu, Ijumaa kwa Ijumaa.

"Mzee," akaniambia, "mimi nimeona mashua mingi. Hii daftari inanipatia imani kuliko hata mashua yenyewe."

Mtoto naye alikuwa ameshachagua kitanda. Alilala juu yake na viatu, akapiga godoro kwa kiganja, akatangaza kwamba hicho ni chake na hataki mtu. Kilikuwa cha katikati, juu ya ngama. Ukitoa mbao mbili za chini yake unakutana na kazi yangu.

Mezani nyumbani kwa Kapteni kulikuwa na ugali na kuku. Walikuwa wameshakubaliana, lori lingekuja baada ya siku kumi. Kapteni akageuza uso upande wangu, akasema, "Wanyonyi, tuombee chakula. Na uombee safari ya hawa watoto."

Mnajua kwetu hilo halikataliwi. Nilisimama, vichwa vikainama. Nikaanza vizuri, na chakula, na mikono iliyokiandaa. Nikasema, tunakuomba Baba umtunze mama huyu na mtoto wake ndani ya mashua hiyo, mchana na usiku, juu ya maji. Hapo nikakwama. Nilimsikia mtoto akihema, maana alifumba macho kwa bidii.

"Kuna tundu," nikasema.

"Amina," akaitikia Kapteni kwa mazoea. Kisha akainua kichwa.

Nafula alikuwa ameshafumbua macho. Aliniuliza tundu gani, na wapi, bila kupandisha sauti. Nikawaeleza yote nikiwa bado nimesimama. Kuku alipoa. Tulitoka watatu hadi bandani, mtoto akifuata, nikang'oa zile mbao mbili za ndani, nikaingia chini na bisibisi nikachimba fila. Ilitoka kipande kizima. Nafula akaingiza kidole cha mwisho, kikapita, na mtoto aliyekuwa ameingia ndani akapiga kelele kwamba anakiona.

"Si ungeniambia tuongeze mabati?" Kapteni aliuliza.

"Nilikuambia, Kapteni. Ulisema Disemba tunaondoka."

"Na wewe ukasema nini?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, si kwenye tundu. Ningeweza kusema nilisahau, nilikuwa na mazoea nalo. "Sikusema kitu," nikamwambia. "Nilijua hatuondoki."

Mahindi yalikuwa yakisuguana nje. Alikuwa ameshika ngazi. Mimi nilitazama viatu vyangu, na nilikuwa na huzuni ambayo sikuwahi kuwa nayo hata siku Mzee Ndiema alipozikwa.

"Wewe unajua watu ya hii Kitale yote walikuwa wananiambia nini?" akasema mwishowe. "Mwaka ujao, Kapteni. Pastor, watoto yangu, hata daktari. Wewe peke yako uliniambia ukweli, bana. Na uliniambia na drili."

Msidhani huo ulikuwa msamaha. Aliingia nyumbani akafunga mlango, na kwa siku nne hakunisemesha. Nafula naye hakuondoka na pesa zake kama nilivyotegemea. Alisema tundu analolijua halimtishi, linalomtisha ni lile linalopakwa rangi. Akanisimamia mwenyewe. Tulikwangua pande zote mbili kwa upana wa sahani, tukaweka vitambaa vya faibaglasi na gundi yake, tabaka juu ya tabaka, nje na ndani, kila moja likisubiri lenzake likauke. Kisha akaniwekea daftari mbele na kalamu. Niliandika tarehe, biti ya milimita kumi na mbili, sababu, na majina yangu yote matatu. Kati ya kurasa zote zile za miaka kumi na minane, huo ndio ninaouonea fahari, jambo la ajabu kidogo kwa ukurasa unaosema mimi ni mjinga.

Siku ya tano Kapteni alitoka nje na kutaka jaribio. Nafula akamweleza kwamba mashua hujaribiwa majini. Kapteni akauliza maji ya wapi, na bahari iko mwendo wa siku mbili. Akaamua tufanye tunavyofanya na tangi lililochomelewa: kama haiwezi kuwekwa ndani ya maji, maji yawekwe ndani yake. Tukavuta kwa trekta tangi la maji ya ng'ombe, tukaingiza mpira ndani ya ngama hadi maji yakafika kwenye sakafu. Kapteni akatandikiwa gunia chini ya mashua. Alishushwa na watu wawili pamoja na magoti yake, akalala chali, akabandika kiganja juu ya kiraka.

Alilala hapo tangu saa tatu asubuhi. Nilikaa kando yake kwa sababu sikujua mahali pengine pa kukaa. Mchana akaanza kuongea kana kwamba anaongea na mashua.

"Mama Rose alikubali, unajua. Alishona mpaka pazia. Meli ya watu haikunitisha hata siku moja. Lakini hii, na yeye akiwa ndani, ilinitisha. Kila Disemba nilikuwa naogopa. Nikasema ni mahindi."

Ningependa kuwaambia kwamba nilimjibu kitu cha maana. Nilimwambia pole.

Saa kumi na moja alitoa kiganja. Alikipapasa kwa kile kingine, akakiweka shavuni kwake, kisha akatafuta shavu langu akakiweka hapo. Kilikuwa kikavu kabisa, chenye vumbi. Alisema Nafula anaweza kuichukua, na akaagiza maji yatolewe.

Tukatazamana. Betri ya pampu bado ilikuwa kwenye trekta lililouzwa zamani. Njia ya pekee ya kutoa maji humo nilikuwa nimeiziba mwenyewe kwa tabaka kumi na sita. Nafula ndiye aliyeanza kucheka, mtoto akafuata, halafu Kapteni, akiwa bado amelala chini kwenye gunia, alicheka hadi akashika mbavu. Tulitoa kwa ndoo, ngazi nzima, ndoo moja baada ya nyingine. Mimi ndiye niliyekuwa ndani nikichota. Hakuna aliyejitolea kunipokea zamu.

Lori lilikuja siku ya kumi. Ilichukua asubuhi nzima kuifunga na minyororo, mlingoti kando yake. Jirani yule alikuja, mchungaji alikuja, na watu ambao kwa miaka yote walicheka walisimama kwenye uzio kimya. Mtoto alimwita Kapteni babu kwa lugha ya kwao: "Kuka, utakuja kulala kwa kitanda changu?" Kapteni akasema atakuja Disemba, kisha akajirekebisha, akamwambia hapana, hataweza.

Lori lilipoanza kwenda aliweka kiganja ubavuni mwa mashua akatembea nayo. Dereva alimwona kwenye kioo akapunguza mwendo kuwa wa mzee. Nilifuata nyuma kidogo, nikiogopa magurudumu. Alitembea hivyo kupita zizi, kupita ghala, hadi langoni, bila kujikwaa hata mara moja. Barabarani lori likashika mwendo, mashua ikamtoka mkononi, polepole, hadi ncha ya nyuma, ile sehemu ya futi tatu iliyonyeshewa miaka yote. Mkono ukabaki juu. Ulibaki juu muda mrefu, na mimi nililia, wala sitafuti neno jingine la kulipamba.

Nilimshika ule mkono nikaushusha. Alikuwa ameacha meli za watu miaka ishirini iliyopita, alipewa barua na kila kitu.

"Wanyonyi," akaniambia, "sasa ndio nimestaafu."